Mawingu ya Saa Tisa

Kwako ndugu yangu mpendwa, mwenzangu wa zamu,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na shemeji yangu, wanao, na wajukuu ambao nasikia sasa wametimia saba. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta umekaa vizuri, kikohozi kimekupa nafasi ya kupumua, na magoti yamekubali kukufikisha angalau barazani. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee wa umri wangu. Nakula, nalala, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, naona. Hilo la kuona ndilo sehemu kubwa ya habari nilizo nazo, ingawa si habari yote.

Kabla sijaenda mbali, naomba radhi. Barua yako ya rambirambi ilinifikia mwezi mmoja baada ya kumzika mke wangu, shemeji yako, na leo ni mwezi wa kumi na tano sijaijibu. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba barua ya pole hujibiwa kabla juma halijaisha, na walikuwa na fimbo ya kutukumbushia. Nina udhuru wa aina mbili. Wa kwanza ni macho, na huo nitaueleza sasa hivi. Wa pili ni mzito zaidi. Naomba univumilie mpaka nitakapoufikia, maana nikianza nao nitashindwa kuumaliza ukurasa huu.

Unakumbuka kwamba nilipostaafu niliomba niachiwe kipimamvua kimoja nikiweke uani kwangu, niwe mpimaji wa kujitolea. Walinikubalia, nadhani kwa kunihurumia. Basi kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri nimekuwa nikitoka na daftari, natazama juu, naandika, na mwisho wa mwezi natuma karatasi kituoni kama zamani. Hata siku tulipotoka makaburini niliandika. Binti yangu alinikuta uani na suti ya msibani, kalamu mkononi, akarudi ndani.

Sasa, miezi michache baada ya msiba, niligundua kwamba hali ya hewa imeharibika. Kila nilipoinua uso, anga ilikuwa imeziba, nyeupe kama maziwa yaliyomwagwa, pande zote, asubuhi na alasiri. Nikaandika sehemu nane kati ya nane, yaani anga nzima. Kesho yake nane. Juma zima nane. Sikushangaa sana, ndugu yangu, na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wangu. Watu waliokuja kunipa pole walisema wingu la majonzi limeifunika nyumba hii, nami nikaona ni haki kabisa na mbingu nayo iwe hivyo. Nilianza kutembea na mwavuli. Jirani yangu, fundi cherehani ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alinisimamisha siku moja mlangoni kwake, akaniuliza kama nimekuwa askofu siku hizi hata natembea na kivuli changu mwenyewe. Nilimjibu kwa adabu kwamba mvua haiko mbali. Akasema basi anishonee na koti, kwa kuwa kiangazi kimekolea na huenda nikaona baridi. Watu wa barazani kwake walicheka. Mimi nilikwenda zangu, nikiwasikitikia kwa kutojua kusoma anga.

Mwezi wa saba wa mawingu hayo ulipoisha nikapata mgeni. Ni afisa wa kituo chetu cha zamani, binti wa rika la mwanangu, anayefanyia kazi kwenye meza ileile uliyoichonga pembe yake kwa wembe. Alisalimia kwa heshima, akakubali kiti, akanywa maji, akauliza habari za nyumbani moja moja, na mimi nikajua kwamba ana neno gumu. Hatimaye alitoa karatasi zangu saba akazipanga mezani. Alisema, “Babu, usinielewe vibaya. Hapa mawingu ni nane kwa nane siku mia mbili na kumi mfululizo, na kipimamvua chako kimepata mvua mara mbili tu.” Alitaka kujua kama labda nimesahau namna ya kuhesabu.

Naona aibu kukuandikia nilivyomjibu. Nilimwambia kwamba nilikuwa nahesabu mawingu kabla mama yake hajajua kuhesabu vidole. Nikamshika mkono, nikamtoa uani, nikamwonyesha juu kwa fimbo yangu. Nikamwambia atazame mwenyewe. Akatazama, kisha akasema taratibu, “Babu, hakuna wingu. Hakuna hata la ukubwa wa leso.”

Nilidhani ananitania. Nikamwita fundi cherehani aje awe shahidi, nikijua huyo hawezi kunionea huruma. Alitoka na futi yake shingoni, akatazama juu, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakunitania. Aliniondolea mwavuli mkononi, akaufunga, akaniambia, “Mzee wangu, twende ndani ukakae.” Ndipo nikajua.

Binti yangu alinipeleka hospitali juma lilelile. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wamekua mpaka wamekuwa watu wazima. Aliniuliza ni kwa nini sikuja mapema. Nilimwambia kweli, kwamba nilifikiri ni mawingu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniomba msamaha, nami nikamwambia asijali, kwa kuwa hakuna mgonjwa mwingine duniani angeweza kufanya kosa hilo isipokuwa aliyelipwa mshahara miaka thelathini na saba kwa kuyatazama.

Sitakuchosha na habari za upasuaji. Hauumi, ila mtu husikia vyuma vikigongana karibu mno na mawazo yake. Kesho yake walinifungua bandeji. Cha kwanza nilichokiona ni mvi za binti yangu. Sikujua kwamba ameanza mvi. Cha pili ni pazia chafu. Kisha muuguzi akanisogeza dirishani, nami nikaona samawati, ndugu yangu, samawati yenyewe, na upande wa mashariki vijiwingu vitatu vyeupe vyenye kingo kali kana kwamba vimekatwa kwa mkasi. Nilihesabu bila kukusudia. Sehemu moja kati ya nane. Nilimwomba muuguzi saa, ikawa saa tatu na dakika nne. Binti yangu akasema nimechelewa kwa dakika nne, na tukacheka wote wawili hadi akanikataza, kwa sababu ya mshono.

Nimelala hapa siku nyingi nikifikiri juu ya neno hili. Watu husema wingu la huzuni, wingu la mashaka, uso umeingia wingu. Mimi na wewe tuliotembea na mawingu kila siku tulikuwa tunaona kwamba ni kuyaonea. Tuliyajua yale yaliyopangika kama magamba ya samaki, na yale ya utaji mwembamba yanayolizungushia jua duara, na yale marefu yenye kichwa bapa kama fuawe la mhunzi, ambayo ukiyaona unaingiza vyombo ndani. Mkulima akiyaona hucheka. Marehemu naye hakuwa na haja na sehemu zetu nane. Kwake wingu lilikuwa la aina mbili tu, linaloacha nguo zikauke na lisiloacha, na mara nyingi alianika nguo bila kujali nilivyotabiri, nazo zikakauka. Hata vijana nao wana lao. Afisa wetu aliniambia kwamba madaftari yetu yote ya zamani yanaingizwa kwenye kompyuta, na kwamba yatahifadhiwa kwenye wingu. Nilimtazama nikijiuliza kama ananilipa kwa yale ya uani. Akanihakikishia kwamba ndivyo wanavyoiita, hifadhi isiyo na kabati, iko mbali na inafunguka popote. Nikasema basi hatimaye mawingu yetu yanarudi kwao.

Lakini liko wingu moja ambalo si la magamba wala la utaji, nalo limekaa juu ya jina la mtu miaka thelathini na minne. Sasa nimeufikia udhuru wa pili.

Barua yako ya rambirambi nilisomewa na binti yangu ilipofika, maana herufi zilikuwa zimeanza kunikimbia. Ndani yake uliandika kwamba katika maisha yako umeshika maneno ya watu wengi yakakuponyoka, ila la kwangu hukuwahi kulitilia shaka. Alisoma akaendelea. Mimi sikuendelea. Nilipopata macho, jambo la kwanza nililolisoma peke yangu ni mstari ule, kwa mwandiko wako unaolala upande, nikausoma mara nne. Siku hiyohiyo afisa akaja kunijulia hali, na chini ya kwapa lake alikuwa na daftari la mwaka ule.

Unaujua mwaka ninaousema. Baba yako alifariki, na mkuu wa kituo akakukatalia ruhusa kwa kuwa tulikuwa wapimaji wawili tu, naye mwenyewe alikuwa akienda makao makuu kwa mafunzo ya nusu mwezi. Mimi ndiye niliyekwambia, kwa jina la utani ulilolipata kituoni kwa kung'ang'ania kuandika nusu ya sehemu, “Nusu, nenda kamzike mzee. Zamu zako za alasiri nitazishika mimi, na herufi zako mbili za saini nitazitia mimi daftarini.” Ulikwenda, siku tisa. Ukarudi ukanishukuru.

Sikuzishika, ndugu yangu.

Uliondoka jioni, na kesho yake shemeji yako alilazwa. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka, na alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu mpaka mtoto alie. Kwa hiyo uliporudi nilikwambia ni homa. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa saa nane mpaka saa kumi, na lango lilifungwa hasa. Saa tatu asubuhi nilipima kwa haki. Lakini saa tisa alasiri, kwa siku zile tisa, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi nimeshika mkono wake. Mchana kabla ya kuondoka kituoni nililifungua daftari la mwaka uliotangulia, tarehe ileile, nikanakili mstari mzima kwa wino, nikatia herufi zako. Mawingu ya mwaka jana. Nilijiambia kwamba anga haitofautiani sana mwaka kwa mwaka, na kwamba hakuna atakayekufa.

Siku ya sita ikanyesha mvua ya mawe. Niliisikia juu ya bati la wodi, hata muuguzi na mimi hatukusikilizana. Nilijua kwamba kituoni, kwenye mstari wa saa tisa, nimeshaandika sehemu mbili, mawingu membamba meupe. Unaijua kanuni: kosa halifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa saini na wapimaji wawili. Mwenzangu ni wewe, nawe hukuwepo, na hilo ndilo jambo tulilokuwa tukilificha. Asubuhi nikasoma kipimamvua, milimita arobaini na moja, nikaiandika kwa haki chini ya anga ile ya uongo. Ndiyo mvua ambayo mkaguzi, miezi mitatu baadaye, aliiita mvua iliyotoka kwenye bomba.

Unakumbuka chumba kile, tumesimama wawili mbele ya meza. Mimi nilipoulizwa nilisema kwamba zamu yangu ni ya asubuhi. Neno hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilikuwa baya zaidi. Wewe ulipoulizwa uliitetea ile sehemu mbili kana kwamba umeiona kwa macho yako. Ulisema upepo waweza kuisukuma mvua kutoka nyuma ya kilima. Ulimchorea mkaguzi mpaka picha. Jioni, tukirudi nyumbani, uliniuliza mara moja tu, kwa jina langu la utani la kituoni, “Padri, uliyaona mwenyewe?” Nami nikajibu, “Niliyaona.” Ukasema basi, imekwisha, hata wakikupeleka wapi utakwenda.

Wakakupeleka kituo cha mlimani, peke yako, miaka tisa. Kikohozi hicho ulikipata huko. Watoto wako walikuona mwisho wa mihula. Na kiti cha mkuu wa kituo, ambacho kilikuwa chako kwa utaratibu wa kuingia kazini, nikakikalia mimi. Mtoto alizaliwa mzima. Ni huyu huyu binti uliyempelekea kofia ya sufu kutoka mlimani, aivae mwaka ule aliposhikwa na kifua. Marehemu alijua yote. Kila barua yako ilipokuja aliniuliza kama nimekwambia, mpaka akaacha kuuliza.

Afisa alilifungua daftari mbele yangu, akanionyesha siku ile, na barua ya mkaguzi iliyobandikwa pembeni, yenye jina lako na neno “mzembe”. Alikuwa akiuliza jambo dogo la kazi: aiweke kwenye kompyuta kama ilivyo au aiandikie kwamba mpimaji hakuaminika. Hakuna aliyenishurutisha. Ningeweza kusema sikumbuki, na mzee aliyetoka kuona mawingu miezi saba yasiyokuwepo angeaminiwa. Nilimwambia, “Mwanangu, mwandiko huu ni wangu.” Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akauliza kama niko tayari kuyaandika. Nikaomba karatasi yenye mistari.

Binti yangu alikuwa jikoni akisikia. Alitoka akasimama mlangoni akasema, “Kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka baba mdogo mlimani.” Nilimwambia hapana, yeye hakumpeleka mtu popote, na kwamba lawama hii ni ya mzee, asiniibie. Akalia kidogo, akarudi kwenye sufuria zake.

Maelezo yangu yalikwenda makao makuu. Jibu limekuja, nami naambatanisha nakala. Utaona kwamba barua ya mkaguzi imeondolewa kwenye jalada lako, na kwamba alasiri zile tisa zimeandikwa “hazikupimwa”. Imeandikwa pia kwamba aliyezighushi ni mimi. Nilipousoma mstari huo, ndugu yangu, sitaki kukuficha, niliona nafuu. Siku ile nilianika shuka zangu mwenyewe uani, anga ikiwa sehemu tano, bila kutabiri lolote. Zilikauka.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jambo la miaka thelathini na minne halilipwi kwa kurasa nne. Nakuomba tu ujue kwamba neno langu ulilolishika lilikuwa bovu, na kwamba aliyesimama mbele ya meza ile bila doa ni wewe. Ukinikasirikia, utakuwa na haki, na nitaichukua hasira yako kwa shukrani kuliko sifa uliyoniandikia. Kama huna hamu ya kuniandikia hata sentensi moja, nitaelewa. Basi toka nje saa tisa alasiri, tazama juu, na unitumie namba. Sifuri mpaka nane. Nitajua umeniandikia.

Binti yangu anakusalimu kwa magoti, na anasema kofia ile bado anayo. Fundi cherehani, ambaye hakujui, ameomba naye awemo. Anasema mwavuli wangu ameutundika dukani, haurudishi mpaka inyeshe. Nisalimie shemeji, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa utaratibu wa kuzaliwa, na wajukuu wote kwa jumla maana majina yao sijayashika. Niwie radhi kwa urefu wa barua na kwa ufupi wa ujasiri wangu.

Ni mimi, mwenzako wa zamu ya asubuhi,
Padri

Mchukuzi wa barua hii ni afisa mwenyewe, anayekuja huko kwenu kukagua kituo. Atakaa siku mbili, kwa hiyo huna haja ya kuharakisha. Kalamu anayo, na nimemwagiza kwamba ukitoka nje ukaona nne na nusu, asikubishie. Aandike nne na nusu.